Diski nzito kwenye kompyuta uliyoiunda mwenyewe: uitibu, uweke SSD ya SATA au uhamie NVMe?

Umeiunda mwenyewe. Ulichagua ubao mama, ukafunga prosesa, ukapitisha nyaya nyuma ya kasha mpaka vidole vikauma, na siku ilipowaka mara ya kwanza ulifurahi. Sasa ukiiwasha inachukua dakika kadhaa kabla hujaweza kufanya lolote, folda ya picha inajifungua kwa kusuasua, na ile taa ya diski mbele ya kasha haizimiki. Mwenye kompyuta ya dukani angeirudisha ilikotoka. Wewe fundi ni wewe mwenyewe, na njia zilizo mbele yako ni tatu: kutafuta ugonjwa wa diski uliyo nayo na kuutibu, kuibadilisha kwa SSD ya SATA, yaani diski ya chembe za kumbukumbu isiyo na sahani inayozunguka, inayounganishwa kwa waya wa data wa SATA, au kuhamia NVMe, SSD ile ndogo bapa inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama.

Mpwa wangu alichagua njia ya pili kabla ya kupima chochote. Alinijia na mashine yake mkononi: "Mjomba, nimeweka SSD mpya lakini bado inakwama. Nimeuziwa mbovu?" SSD ilikuwa nzima kabisa. Alibadilisha diski akaacha waya uleule wa data, ambao ulikuwa umekunjwa kwa nguvu nyuma ya fremu ya diski. Ugonjwa ulikuwa kwenye waya, nao ukabaki palepale. Tuliweka waya mwingine, mashine ikapumua. Kwa hiyo nitaanza na vipimo, maana njia nzuri kwa jirani yako inaweza isiguse kabisa tatizo lako.

Vipimo vya nusu saa

Kwenye Windows fungua Task Manager, nenda sehemu ya utendaji, bofya diski. Tazama mambo mawili kwa pamoja: asilimia ya muda ambao diski iko kazini, na wastani wa muda inaochukua kujibu. Asilimia ikiwa 100 huku data inayopita ni MB 1 au 2 tu kwa sekunde, diski imezidiwa na maombi madogomadogo au kuna kitu kinaikwamisha. Diski ya kuzunguka iliyo nzima hujibu kwa milisekunde kumi na kitu ikiwa haijalemewa. Ukiona mamia ya milisekunde wakati hufanyi kazi kubwa, au maelfu, hapo kuna ugonjwa. Kwenye Linux amri ya iostat -x inakupa habari hizohizo.

Ukiwa hapohapo angalia RAM, kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hukaa. Hili nalisisitiza kwa sababu huwapoteza wengi. RAM ikijaa, mfumo endeshi huanza kuhamishia sehemu ya kazi kwenye diski na kuirudisha, huku na huku, na diski ndiyo inayoonekana mkosaji. Ukiona RAM iko juu ya asilimia 90 kila kompyuta inapokuwa nzito, ongeza RAM kwanza. SSD mpya itapunguza maumivu tu, na itakuwa inachakazwa kwa kazi isiyo yake.

Kisha soma SMART, daftari ambalo kila diski hujiandikia kuhusu afya yake. CrystalDiskInfo hulionyesha kwenye Windows, na smartctl kwenye Linux. Diski ya SATA ina mistari mingi pale, lakini minne ndiyo ya kuanza nayo. Namba 5 ni sekta zilizokufa na kuhamishiwa kwenye akiba. Namba 197 ni sekta zinazotiliwa shaka, ambazo diski inajaribu kuzisoma tena na tena. Namba 198 ni sekta zilizoshindikana kabisa. Namba 199 ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao mama. Tatu za mwanzo zikipanda, mgonjwa ni diski yenyewe. Ya 199 ikipanda peke yake, mshuku waya kabla ya diski. Hesabu ya 199 hairudi sifuri hata ukishatengeneza, basi iandike mahali, fanya kazi siku mbili tatu, uone kama imeongezeka.

Vigezo vya kulinganishia

Kila njia nitaitazama kwa maswali matano: inatibu nini, utaihisi vipi kwenye matumizi ya kila siku, ina hatari gani kwa data zako, inahitaji kazi gani ya mikono na inakubaliana vipi na ubao mama ulio nao, halafu inamfaa nani.

Swali la kuhisi linahitaji maelezo kidogo, maana ndipo matangazo yanapotupoteza. Diski ina kasi za aina mbili. Ya kwanza ni kiasi cha data inachopitisha ikisoma faili moja kubwa mfululizo. Hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye boksi. Ya pili ni muda wa kufika kwenye kitu kidogo kilicho popote. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3, hivyo kwa wastani inasubiri milisekunde 4.2 ili sekta inayotakiwa ifike chini ya kichwa cha kusomea. Ongeza muda wa kichwa kusogea, unafika kwenye milisekunde 12 au 13. Hayo ni maombi chini ya 100 kwa sekunde. Kama kila ombi ni la KB 4, diski yenye uwezo wa kupitisha MB 150 kwa sekunde inakupa chini ya nusu ya MB! Kuwaka kwa mfumo, kufungua programu na kivinjari kuandika kumbukumbu zake ni kazi za aina hii ya pili.

Njia ya kwanza: kutibu diski uliyo nayo

*Inatibu nini.* Magonjwa mengi kuliko unavyodhani, na kwenye kompyuta za kuundwa nyumbani mengi huanzia kwenye mikono yetu wenyewe. Anza na waya wa data. Waya wa SATA uliokunjwa kama karatasi, uliobanwa na kifuniko cha kasha au usio na kile kibati cha kuushikilia, hulegea taratibu. Diski na ubao mama wakikosa kuelewana hutuma ujumbe upya, wakishindwa zaidi hushuka kasi. CrystalDiskInfo huonyesha kasi ya sasa kando ya kasi inayowezekana. Ukiona SATA/150 au SATA/300 upande wa sasa na SATA/600 upande wa uwezo, ama tundu ni la kizazi cha zamani ama waya hauaminiki. Badilisha waya, jaribu tundu jingine, pima tena.

Tundu nalo si kila moja ni sawa. Mbao mama nyingi zina matundu yanayohudumiwa na chipseti kuu, chipu inayosimamia vifaa vya ubao, na mengine machache ya chipu ndogo ya pembeni, ambayo mara nyingi ni ya polepole zaidi. Kitabu cha ubao mama kinaeleza lipi ni lipi. Diski ya mfumo ichomeke kwenye tundu la chipseti kuu.

Umeme ni eneo ambalo ningeomba kila muundaji alitazame kwa hofu kidogo. Diski inayopata umeme wa kukatikakatika huzima na kuanza kuzunguka upya, nawe unasikia mlio wa kuinuka huku kompyuta ikiganda sekunde kadhaa. Vigawi vya bei rahisi vinavyogeuza plagi ya Molex, ile ya umeme ya zamani yenye pini nne, kuwa ya SATA, hasa vile vya plastiki iliyoyeyushwa kuzunguka nyaya, vimewahi kupiga shoti na kuungua. Viondoe. Na kama pawa saplai yako ni ya nyaya za kuchomoa, usichukue kamwe waya wa pawa saplai nyingine hata kama plagi inaingia vizuri. Mpangilio wa pini upande wa pawa saplai hutofautiana kati ya watengenezaji, na wakati mwingine kati ya modeli za mtengenezaji mmoja. Waya usio wake unaweza kuzichoma diski zote kwa mkupuo mmoja.

Ingia BIOS, programu ya ubao mama inayoamka kabla ya Windows, uangalie hali ya SATA. Ikiwa iko kwenye IDE, hali ya zamani, badala ya AHCI, hali mpya zaidi, diski haipati nafasi ya kupanga maombi kwa foleni nzuri. Usibadilishe kiholela lakini, kwa kuwa Windows iliyosakinishwa kwenye IDE inaweza kukataa kuwaka. Iweke kwanza iwake katika hali salama (Safe Mode), badilisha BIOS, iache iwake hivyo mara moja ipate draiva yake, kisha irudishe kwenye hali ya kawaida. Wenye mashine za enzi za Windows XP wana ugonjwa wao wa jamii hii: mfumo ule ulikuwa ukihesabu makosa ya diski, yakifika sita unaishusha kutoka DMA, njia ya haraka ya kupitisha data, hadi PIO, ile ya polepole, na kuiacha hukohuko, iwe diski ngumu au kisomaji cha CD. Dawa ni kuiondoa chaneli husika kwenye orodha ya vifaa na kuwasha upya.

Mtikisiko pia. Mnamo 2008 Brendan Gregg, mhandisi wa Sun Microsystems, alizipigia kelele diski za seva huku akipima, na muda wa kujibu ukaruka papo hapo. Kelele za mdomo tu! Sasa fikiria diski iliyofungwa kwa skrubu mbili badala ya nne, kando ya feni iliyopoteza usawa. Kaza skrubu, au tumia vishikio vya mpira.

Baki la mwisho ni la ndani ya diski yenyewe. Iliyojaa hadi ukingoni huvunjavunja mafaili vipande, na nyimbo za ndani kabisa za sahani husomwa kwa karibu nusu ya kasi ya zile za nje. Acha angalau asilimia 15 wazi, panga vipande kwa zana ya mfumo, na zima programu zinazojiwasha zenyewe usizozihitaji.

*Utaihisi vipi.* Inategemea ulichokikuta. Waya mbovu ukitoka, tofauti ni ya usiku na mchana. Ukipanga vipande na kusafisha tu, utapata nafuu ya kiasi. Diski ya kuzunguka iliyo nzima haiwezi kukwepa zile milisekunde 12, hata uibembeleze vipi. Na kuna zile zinazotumia mbinu ya SMR, ambapo nyimbo za data hupandana kama vigae vya paa, hivyo kuandika upya kipande kimoja kunalazimu kuandika na majirani zake. Hizo zikilemewa na maandishi mengi hushuka hadi MB chache kwa sekunde, wala si ugonjwa wa kutibika, ndivyo zilivyo. Tafuta herufi SMR au CMR (zile ambazo nyimbo zake hazipandani) kwenye jedwali la sifa la mtengenezaji.

*Hatari kwa data.* Ndogo kama SMART ni safi. Kubwa sana kama namba 197 na 198 zinapanda, kwani kupanga vipande na kuchunguza diski nzima ni kumkimbiza mgonjwa. Diski ya namna hiyo haitibiwi. Nakili data kwanza, ukianza na zile usizoweza kuzipata tena popote, ndipo ufikirie mengine. Kama nakala ya kawaida inakwama, ddrescue kwenye Linux huchukua sehemu nzima kwanza na kuziacha mbovu kwa zamu ya mwisho.

*Kazi ya mikono.* Bisibisi, waya wa akiba na uvumilivu. Zima, chomoa plagi ukutani, gusa chuma cha kasha kumaliza umeme tuli. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na upime kila mara. Ukibadilisha waya, tundu na BIOS kwa pamoja, utapona bila kujua umepona nini.

*Inamfaa nani.* Mwenye diski ambayo zamani ilikuwa nyepesi na imekuwa nzito ghafla, mwenye 199 inayopanda, na mwenye SSD tayari inayojikokota. Huyu wa mwisho akague pia TRIM, amri inayoiambia SSD ni vipande vipi vimefutwa. Kwenye Windows andika fsutil behavior query DisableDeleteNotify, jibu la 0 linamaanisha TRIM inafanya kazi. Kwenye Linux hakikisha fstrim.timer imewashwa.

Njia ya pili: SSD ya SATA

*Inatibu nini.* Inatibu maumbile ya diski ya kuzunguka: kusubiri mzunguko, kichwa kusogea, kelele, mtikisiko. Haitibu waya, tundu wala umeme mbovu. Mpwa wangu ni shahidi.

*Utaihisi vipi.* Hapa ndipo mruko mkubwa kuliko yote ulipo. Muda wa kufika kwenye data unashuka kutoka milisekunde 12 hivi hadi karibu sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Kwa maombi ya KB 4 yanayokuja moja baada ya jingine, SSD nzuri ya SATA kwa kawaida husoma MB 30 hadi 40 kwa sekunde, pale ambapo ile ya kuzunguka ilikuwa ikitoa chini ya nusu ya MB. Kwa faili kubwa inafika karibu MB 550 kwa sekunde na kugota, kwa kuwa SATA ya kizazi cha tatu, ya gigabiti 6 kwa sekunde, haipitishi zaidi ya MB 600. Kwenye ubao wa zamani wenye SATA ya kizazi cha pili utapata kama nusu yake, na bado utahisi umebadilisha kompyuta nzima, kwa sababu kilichokuwa kinakukera ni kusubiri. Ujazo wa bomba haukuwa tatizo.

Ziko SSD zinazokatisha tamaa. Zile za chembe za QLC, zinazobana biti 4 kwenye kila chembe, huwa na eneo dogo la kuandikia haraka, na likijaa katikati ya kunakili faili kubwa kasi inaanguka, wakati mwingine chini ya ile ya diski ya kuzunguka. Kadiri SSD inavyojaa eneo hilo linazidi kupungua. Kama kazi yako ni kunakili video ndefu kila siku, tafuta ya TLC, yaani ya biti 3 kwa chembe, yenye DRAM yake, kumbukumbu ndogo ya kuwekea ramani ya mahali data zilipo. Kwa matumizi ya ofisini na masomo, QLC haitakusumbua.

*Hatari kwa data.* Diski ya kuzunguka mara nyingi hutoa dalili kabla ya kufa: inagonga, inakwama, inaandika SMART. SSD inaweza kutoweka asubuhi moja bila onyo, ikawa hata BIOS haiioni. Isitoshe, TRIM ikishapita, faili ulilolifuta kwa bahati mbaya karibu halirudi tena. Nakala ya akiba kwenye kifaa kingine iwe sehemu ya mpango tangu siku ya kwanza.

*Kazi ya mikono.* Rahisi. Waya wa data, waya wa umeme, basi. SSD ya inchi 2.5 ni nyepesi na haina kinachozunguka, hata ukiifunga kwa skrubu mbili haijali. Kuhamisha mfumo unaweza kuinakili diski yote kwa programu ya Clonezilla au kusakinisha upya. Mimi husakinisha upya pale mfumo wa zamani umejaa takataka za miaka. Ukinakili, chomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha mara ya kwanza ili mfumo usichanganye diski mbili zenye alama moja. Ukisakinisha Windows upya, chomoa diski nyingine zote pia. Kisakinishi kina tabia ya kuweka sehemu ya kuwashia kwenye diski nyingine iliyoikuta, halafu siku ukiitoa ile ya zamani kompyuta haiwaki.

*Inamfaa nani.* Mwenye ubao mama usio na tundu la M.2, lile jembamba la kuchomekea SSD bapa, au wenye BIOS ya zamani, mwenye kutaka mabadiliko makubwa kwa gharama ndogo, na yule ambaye tundu lake pekee la M.2 tayari lina mwenyewe.

Njia ya tatu: NVMe

*Inatibu nini.* Yote ya SSD ya SATA, na juu yake inafuta kabisa waya wa data na waya wa umeme. Hakuna cha kukunjika wala kulegea. Kwa muundaji aliyechoshwa na nyaya, hilo pekee lina uzito. NVMe, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2011, ilibuniwa kwa ajili ya chembe za kumbukumbu tangu mwanzo. AHCI ina foleni moja ya maombi 32, NVMe inaruhusu foleni zaidi ya 65,000.

*Utaihisi vipi.* Kwenye boksi utaona MB 3,500 kwa sekunde kwa PCIe 3.0, na karibu 7,000 kwa PCIe 4.0 (PCIe ni njia ya data inayotumiwa na NVMe, na namba ni kizazi chake). Ni kweli, kwa faili kubwa mfululizo. Lakini rudi kwenye kipimo cha KB 4 moja moja: hapo NVMe nyingi hutoa MB 50 hadi 90. Mara 12 ya SATA kwenye boksi inakuwa kama mara mbili mezani. Kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote, mtu yeyote ndani ya nyumba atagundua. Kutoka SATA kwenda NVMe, anayehariri video, anayefungua mashine pepe kadhaa, anayejenga programu kubwa au anayehamisha mafaili ya GB nyingi atagundua. Anayeandika barua na kufungua kurasa za intaneti huenda asijue mpaka umwambie.

*Hatari kwa data.* Zilezile za SSD ya SATA. Jipya ni joto. NVMe ikipata moto hujipunguza kasi ili isiungue, mara nyingi joto likipita nyuzi 70 au 80, na wewe unaona inaanza kwa mbio kisha inajikokota. Tundu la M.2 mara nyingi limewekwa chini ya kadi ya picha, mahali penye joto kuliko pote. Tumia kipoza joto kilichokuja na ubao mama, na uibandue ile karatasi laini ya plastiki kwenye pedi yake. Nimefungua mashine zaidi ya moja zilizokuwa bado nayo.

*Kazi ya mikono.* Mikono haifanyi kazi nyingi, kichwa ndicho kinachofanya. Tundu la M.2 linaweza kuwa la SATA, la NVMe au la zote mbili, na vifaa vyenyewe vinafanana sana. Soma kitabu kabla ya kununua. Angalia urefu pia: 2280 maana yake milimita 22 kwa upana na 80 kwa urefu, na nguzo ndogo ya skrubu lazima iwe mahali pake.

Kuna jambo linalowashtua wengi: baada ya kuweka NVMe, diski ya SATA iliyokuwepo inatoweka. Haijafa. Mbao mama nyingi hugawana njia kati ya tundu la M.2 na matundu fulani ya SATA, moja likitumika mengine yanazimwa. Ihamishie kwenye tundu jingine. Na kama NVMe inatoa nusu ya kasi uliyoitarajia, CrystalDiskInfo itakuonyesha kama imeunganishwa kwa PCIe 3.0 x2, yaani mistari miwili ya data, wakati ina uwezo wa x4, mistari minne. Tundu la pili kwenye mbao nyingi liko hivyo. Hamia lile linalounganishwa na prosesa moja kwa moja.

Kwa ubao wa kabla ya takriban 2014, BIOS kwa kawaida haijui kuwasha mfumo kutoka NVMe. Unaweza kuweka kadi ya kugeuza kwenye tundu la PCIe na kuitumia kwa data, lakini mfumo utabaki ukiwakia kwingine.

*Inamfaa nani.* Anayeunda upya au mwenye ubao wa miaka ya karibuni wenye tundu lililo wazi, na mwenye kazi nzito za mafaili makubwa. Ukinunua ya bei nafuu isiyo na DRAM, angalau NVMe inaweza kuazima kipande kidogo cha RAM ya kompyuta kwa ajili ya ramani yake, jambo ambalo SSD ya SATA haiwezi.

Uko katika hali gani?

*Uzito umekuja ghafla, juzi tu ilikuwa nzima.* Njia ya kwanza, na uanze na waya. Usinunue diski kabla hujaona SMART.

*Namba 5, 197 au 198 inapanda.* Nakili data leo. Kisha chagua kati ya SATA na NVMe kwa kufuata ubao mama wako. Ile ya zamani usiigeuze kuwa ya akiba, hata kama bado inawaka.

*Diski ni ya kuzunguka, SMART ni safi, na imekuwa nzito tangu zamani.* Hakuna cha kutibu. SSD yoyote itakutoa hapo. Kama ubao una tundu la NVMe na tofauti ya gharama ni ndogo, chukua NVMe ili upunguze nyaya. Kama hauna, SATA, bila majuto.

*Una mafaili mengi mno kwa SSD unayoweza kuimudu.* Weka SSD ndogo kwa mfumo na programu, iache diski ya kuzunguka iwe ghala la picha, video na nakala za akiba. Hapo hata SMR inajitosheleza, kwa sababu ghala halifunguliwi kila sekunde. Mimi mwenyewe natumia mpango huu.

*Tayari una SSD ya SATA na inakwama.* Pima RAM, TRIM, nafasi iliyobaki na kasi ya tundu. NVMe iwe ya mwisho kwenye orodha, isipokuwa kazi yako ni ya mafaili makubwa.

*Tayari una NVMe na inaanza vizuri kisha inazama.* Soma joto wakati wa kunakili faili la GB 50 au zaidi. Kasi ikianguka joto likiwa juu, rekebisha kipoza na upepo wa kasha. Ikianguka joto likiwa la kawaida, umelijaza eneo lake la kuandikia haraka. Iache ipumzike dakika chache, punguza ulichokijaza humo, kisha ujaribu tena.